Ili My Dress-Up Darling ionekane kama filamu ya sinema, kazi inaanzia wapi?

#1 Mkata_Video
Wakuu, salaam.

Nimeleta hoja tubishane. Vipande vya My Dress-Up Darling, anime (katuni ya Kijapani) ya Marin, msichana anayependa kosplei yaani kuvaa kama wahusika, na Gojo anayemshonea mavazi, vinavyosambaa na maandishi "mtindo wa sinema" vinafuata fomula ileile: pau nyeusi juu na chini, vivuli vya buluu ya kijani, ngozi za rangi ya chungwa, halafu filta ya ukungu juu ya kila kitu mpaka nywele za Marin zinawaka kama karabai. Kwenye simu vinapendeza. Virushe kwa projekta kwenye ukuta wa mita mbili, vinakufa.

Dai langu: kinachoifanya picha iwe ya sinema ni mwanga wenye anuani. Ukiuliza "mwanga huu unatoka wapi?" picha inakujibu: dirisha hili, taa ile, mchanga ule. Hayo mengine ni mapambo.

Swali sasa. Ukipewa dakika tatu za anime hii, na lengo ni zionekane kana kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya skrini kubwa, unaanza na nini? Naomba tuongee kwa vipimo.

#2 Nyota_ya_Tanga
Nimetandika mkeka. Wajuzi endeleeni.

#3 Fundi_Fremu
Kwenye pau nakuunga mkono, ila tuweke hesabu mezani watu waone hasara yake.

Faili la kawaida ni 1920 kwa 1080. Ukitaka uwiano wa upana kwa urefu wa 2.39:1 unabaki na mistari 804 ya urefu, kwa hiyo unafunika pikseli 138 juu na 138 chini. Jumla 276, yaani robo nzima ya picha. Picha za anime ya televisheni zimepangwa kwa 16:9, na shoti za karibu za mapenzi huchorwa kuanzia kidevu hadi utosi bila nafasi ya akiba. Ukifunika tu, kinachoondoka ni utosi na kidevu, na macho yanaangukia katikati kabisa ya fremu, mahali ambapo hayana nguvu.

Anayeng'ang'ania pau basi asogeze kila shoti peke yake, juu au chini, mpaka macho yakae theluthi ya juu ya eneo lililobaki. Kipindi kimoja cha televisheni huwa na shoti kama 300, kwa hiyo dakika tatu ni shoti 40 hivi. Ni kazi ya jioni moja. Wengi hawaifanyi, wanaweka pau na kwenda zao.

#4 Kijana_wa_2.35
Mkuu #3, uwiano wa sinema ni 2.35:1, siyo 2.39.

#5 Fundi_Fremu
Kijana, 2.35 ni jina lililobaki mdomoni. Vipimo vya filamu pana vilibadilishwa miaka ya 1970, na faili za majumba ya sinema za leo ni 2048 kwa 858, ambayo ni 2.39. Ile nyingine, ya fremu nyembamba kidogo, ni 1998 kwa 1080, sawa na 1.85. Badilisha jina lako la humu tu, nitakusamehe.

#6 MamaLasi
Hodi. Hamjagusa jambo kubwa kuliko yote kwa anime hii mahususi: ni hadithi ya NGUO.

Vazi la kosplei linasomeka wima. Kiatu, soksi, pindo la sketi, aproni, kola, wigi. Ndiyo maana vazi likikamilika kamera hupanda kutoka miguuni. Fremu pana ya 2.39 ni adui wa mwili uliosimama: ili umwonyeshe mtu mzima lazima umrudishe mbali, na ukimrudisha mbali lasi haionekani tena, inakuwa doa jeupe.

Mimi ningechagua 1.85. Unapoteza pikseli 21 juu na 21 chini tu, hakuna utosi unaokatwa, na bado fremu ina hewa ya sinema. Anayetaka upana ausubiri kwenye shoti za watu wawili, Gojo upande mmoja na cherehani upande wa pili.

La pili ni ukungu. Michoro midogo ya lasi na kitambaa mara nyingi haichorwi na mchoraji fremu kwa fremu, hubandikwa kama mchoro tayari wakati wa kuunganisha tabaka. Mistari yake ina unene wa pikseli moja au mbili. Ukiweka filta ya ukungu ya pikseli 20 kwa nguvu ya nusu, umeifuta kazi ya watu. Nguo iwekewe maski (eneo linalotengwa ili filta isiliguse), ukungu ubaki usoni, kwenye nywele na nyuma. Kwenye nguo nguvu isizidi asilimia 10. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na filta ni hivyo hivyo: moja ya ukungu, moja ya mng'ao, moja ya "hisia", mwisho vazi lote ni uji.

#7 Mzee_wa_Rangi
Asante mleta uzi. Dada MamaLasi umesema kweli tupu kuhusu lasi.

Nirudi kwenye mwanga. Mnakumbuka msimu wa kwanza, mwaka 2022, kipindi cha 8, pale baharini? Jina lenyewe la kipindi linasifia kupiga picha kinyume na mwanga. Mwongozaji Keisuke Shinohara na timu ya studio ya CloverWorks walijua wanachokifanya. Mtu aliyelipa jua mgongo ana mambo matatu yanayotokea kwa pamoja. Ukingo wa nywele na bega unawaka. Uso unaingia kivulini. Na kivuli hicho si cheusi, kwa sababu anga inakitia buluu kutoka juu na mchanga unakirudishia joto kutoka chini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatia giza uso mzima kwa kiwango kimoja, unakuwa kama umepakwa masizi. Fanyeni hivi:

Kwanza rangi ya msingi ya ngozi ishushwe, siyo kwa kuongeza nyeusi bali kwa kuisogeza kidogo kuelekea zambarau. Halafu kipande cha mteremko wa rangi kutoka chini, chungwa hafifu, kishike kidevu na chini ya pua. Kingine kutoka juu, buluu hafifu, kishike paji la uso. Mwisho ukingo wa mwanga, mwembamba, na uwe upande mmoja tu. Ukingo wa mwanga unaozunguka mwili mzima ni stika, siyo jua.

Na kazi hiyo ifanyike kwenye hesabu ya mwanga halisi. Katika programu ya After Effects nenda kwenye mipangilio ya mradi, chagua biti 32 (ngazi nyingi zaidi za rangi) na uweke eneo la kazi liwe la mstari, yaani namba zifuate wingi wa mwanga halisi. Mng'ao unaopigwa kwenye biti 8 za kawaida unakuwa maziwa ya kijivu. Ukipigwa kwenye hesabu ya mstari, sehemu angavu ndizo zinazomwagika na vivuli vinabaki salama.

#8 Kiduku24
Mzee wa Rangi unaongea kana kwamba mafaili ya CloverWorks yako mezani kwako 😄. Sisi tuna video moja iliyokwishaunganishwa. Tabaka za uso, nywele na mandhari tunazitoa wapi?

#9 Mzee_wa_Rangi
Hoja ya haki. Nilikuwa najibu la anayetengeneza upya. Anayefanya kazi juu ya video iliyokamilika, kama kwenye programu ya DaVinci Resolve, atumie njia hii.

Rangi za anime ni bapa, na hiyo ni bahati yako. Ngozi ni rangi mbili au tatu tu: ya mwanga, ya kivuli, pengine na kivuli cha pili. Ichague kwa kipimio cha rangi, safisha kingo za uteuzi kwa pikseli 1 hadi 2, umepata maski ya uso bila kuchora. Nywele za Marin zina njano inayopauka na ncha za waridi, nazo zinakamatika. Nguo nyeupe ndiyo kazi ngumu kwa sababu nyeupe imo pia kwenye jicho, jino na ukuta. Hiyo chora maski kwa mkono.

Onyo moja. Video hizo ni biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, na kwa kawaida zinatumia 16 hadi 235 tu. Ukivuta anga ya jioni kwa nguvu, inapasuka mistari kama ngazi za nyumba. Dawa: punguza mistari kwanza, rekebisha rangi ndani ya mradi wa biti 32, mwisho kabisa nyunyiza chembechembe hafifu, asilimia 3 hadi 5, kwenye ukubwa wa mwisho wa picha. Ukizinyunyiza kabla ya kukuza picha, chembe zinanenepa na kuwa vumbi.

#10 Shoti_kwa_Shoti
Habari za jioni. Nawasoma tangu mchana na nadhani nyote mmeshika mkia. Mwanga ni mzuri, fremu ni nzuri, lakini sinema ni MUDA.

Anime inakwenda fremu 24 kwa sekunde, ila mhusika huchorwa kila baada ya fremu mbili, michoro 12, au kila baada ya tatu, michoro 8. Karatasi ya muda ya wachoraji hubeba sekunde 6, fremu 144. Vichekesho vya mapenzi vya televisheni hupenda mikato mifupi: Gojo anashtuka, fremu 14, uso wa Marin, fremu 20, maandishi, tumecheka, tumesonga. Kwa skrini kubwa macho ya mtazamaji yana safari ndefu zaidi. Kwenye simu jicho halihami. Kwenye ukuta wa sinema lazima litembee kutoka kona hii hadi ile, na shoti ya fremu 14 inaisha kabla halijafika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujagusa rangi: ondoa shoti moja kati ya nne, zilizobaki zirefushe. Ukikosa picha ya kurefushia, shikilia fremu ya mwisho, lakini usiiache imeganda. Isukume taratibu, kuza kwa asilimia 2 hadi 3 ndani ya sekunde 4. Zaidi ya hapo mtu ataona unamsogezea picha.

Na mwendo wa kamera wa kwenda pembeni usikimbie. Kanuni ya wapiga picha wa fremu 24 ni kwamba kitu kichukue kama sekunde 7 kuvuka skrini nzima. Chini ya hapo kinaruka-ruka. Kwenye anime ruka-ruka hiyo ni mbaya mara mbili: mandhari inasogea kila fremu huku mhusika akibadilika kila fremu ya tatu, basi miguu inateleza kama anatembea juu ya sabuni. Funga mwendo wa kamera kwenye michoro ya mhusika, au upunguzie mwendo huo spidi.

#11 Kiduku24
Mkuu #10, sasa si bora nipitishe programu ya kuongeza fremu mpaka 60? Hakuna tena kuruka.

#12 Shoti_kwa_Shoti
Hapana, hapana, hapana. Programu inabuni fremu katikati ya michoro miwili ambayo mchoraji aliiweka mbali kwa makusudi. Uso wa kuchekesha unaotakiwa kupasuka ghafla unayeyuka kama siagi. Vidole vinapita ndani ya kitambaa. Mistari ya nje inapinda. Na fremu 60 ndizo zinazoleta sura ya taarifa ya habari. Zima hata ile ya kwenye televisheni yenu nyumbani.

#13 Mkata_Video
Naongezea kitu kilichoachwa: wengi wana faili la fremu 23.976 kwa sekunde, siyo 24 kamili. Ukiliweka kwenye mradi wa 24 na sauti ukaiacha pembeni, kipindi cha dakika 24 kinatofautiana kwa sekunde 1.44 mwishoni. Midomo inaongea, sauti haijafika. Chagua moja tangu mwanzo, na sauti iende nayo.

#14 Sikio_Kubwa
Jamani, mabandiko 13 na sauti imetajwa kama mzigo wa kusawazisha tu!

Chukueni kipindi cha 5, ndani ya treni, baada ya Marin kushiriki onyesho lake la kwanza. Gojo amechoka, anasinzia, anamwambia alikuwa mrembo. Neno hilo kwake ni zito, huwa halitumii ovyo. Hapo ndipo Marin anapokwisha kwa mapenzi. Mnaweza kuweka filta zote za dunia kwenye picha ile, lakini kinachokufikisha ni treni yenyewe: mngurumo wa chini unaokaa kifuani, na namna unavyompa neno lile nafasi.

Kwa toleo la sinema ningefanya hivi. Mngurumo wa treni uende kushoto, kulia na nyuma, sauti za watu zibaki kati. Muziki uondoke sekunde 5 kabla ya neno, usikatwe bali ufifie. Mlio wa reli uendelee. Neno likitoka, shusha mngurumo desibeli 3 tu, msikilizaji asijue kilichofanyika. Halafu usirudishe muziki haraka.

Na kiwango: televisheni ya Japani inalenga ukubwa wa wastani wa LKFS −24 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kila kitu kimebanwa kisikike jikoni. Sinema inapimwa chumba chenyewe, desibeli 85, kwa hiyo kuna nafasi ya kunong'ona. Ukichukua sauti ya televisheni ilivyo na kuipeleka ukumbini, kila mtu anapiga kelele kwa usawa.

#15 MamaLasi
#14 umenigusa. Ila nakubishia kidogo: bila uso wa Marin kubadilika, mngurumo wa treni ni mngurumo wa treni tu.

#16 Sikio_Kubwa
Dada, na bila ukimya uso huo ni picha ya bango.

#17 Bibi_wa_Vikaragosi
Naomba nilete jambo la pembeni lakini linahusu rangi. Gojo anatoka kwenye nyumba ya watengenezaji wa wanasesere wa hina, wale wanaopangwa kwenye sikukuu ya wasichana Japani, na mji wa Iwatsuki huko Saitama unajulikana kwa kazi hiyo. Uso wa mwanasesere hupakwa gofun: unga wa maganda ya chaza uliochanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama, tabaka juu ya tabaka. Weupe wake hauna mng'ao wa plastiki. Ni weupe unaonyonya mwanga kidogo halafu unaurudisha kwa upole.

Hiyo fomula ya chungwa na buluu ya kijani inaua hili kabisa. Mwanasesere akiwa na vivuli vya kijani anaonekana mgonjwa, na kwenye hadithi hii mwanasesere ndiye kipimo cha uzuri wa Gojo. Weupe wa gofun uwe nanga ya rangi za chumba kile: rekebisha kila kitu huku ukitazama shavu la mwanasesere, likigeuka rangi rudi nyuma. Taa ya karakana iwe ya joto, kama Kelvin 3200 (kipimo cha joto la rangi), dirisha libaki Kelvin 5600, shavu liwe katikati yao. Ukifanikiwa hapo, chumba kizima kimekaa sawa.

#18 Mzee_wa_Rangi
Bandiko #17 lichapishwe na kubandikwa ukutani. Nanga ya rangi ndiyo neno nililokuwa nalitafuta.

#19 Kijana_wa_2.35
Kwani lile toleo la waigizaji halisi la 2024 halikumaliza ubishi? Kamera halisi, mwanga halisi.

#20 MamaLasi
Lile lilikuwa tamthilia ya televisheni, kijana, halikulenga skrini kubwa. Na waigizaji halisi wana tatizo lao la kosplei: wigi la nyuzi za plastiki linang'aa kwa mstari mweupe mmoja utosini, taa kali ikilipiga. Kulizima unapaka poda au shampuu kavu, unapunguza nywele kwa mkasi wa meno kwenye mstari wa paji, na taa unaisogeza pembeni. Kwenye anime wigi na nywele halisi huchorwa kwa kalamu ileile, basi mchoraji ndiye anayeamua tofauti. Mng'ao wa wigi uwe mgumu na wa kingo kali, wa nywele halisi uwe laini. Filta ya ukungu ikipita juu, tofauti hiyo inapotea, na mtazamaji hajui tena lini Marin ni Marin na lini ni mhusika aliyemvaa.

#21 Nyota_ya_Tanga
Nauliza: na zile nyuso za kuchekesha? Mwili mdogo, kichwa kikubwa, macho nukta. Zinakaaje kwenye picha ya sinema?

#22 Shoti_kwa_Shoti
Ziache bapa. Bila vivuli, bila ukungu wa nyuma, bila chembechembe. Kicheko kinatoka kwenye mgongano wa picha mbili.

#23 Mzee_wa_Rangi
Hapo sikubaliani nawe, #22. Ukizima chembechembe kwenye shoti moja tu, jicho linaona video imebadilika, siyo mhusika. Chembechembe na nyeusi ya chini viwe vilevile filamu nzima. Unachoondoa ni vivuli na kina cha nyuma. Na mwanga wa chumba ubaki: kama ni jioni, kichwa kikubwa nacho kiwe cha jioni.

#24 Shoti_kwa_Shoti
Mzee, kicheko cha jioni ya chungwa hakichekeshi. Kinataka mwanga wa mchana.

#25 Fundi_Fremu
Wakati mnabishana, jambo la ukuta. Skrini ya sinema hupimwa kwa niti 48 (kipimo cha mwangaza), televisheni ya rejea niti 100. Kazi iliyorekebishwa kwenye kioo kikali cha simu itakuwa shimo ukumbini. Punguzeni mwanga wa kioo, zimeni taa ya chumba, kisha tazameni vivuli vya nywele nyeusi za Gojo. Kama hamuoni tena mstari wa sikio lake, mmezama sana.

#26 Kiduku24
Asanteni wakuu. Nataka kujaribu mwisho wa kipindi cha 12, usiku, Marin kwenye simu na Gojo kalala upande wa pili, anamwambia anampenda bila yeye kusikia. Kwa hoja ya mleta uzi, mwanga uwe na anuani: simu iko sikioni, je, uso unapata mwanga kutoka wapi?

#27 Mkata_Video
Dirishani. Buluu hafifu upande mmoja, na simu itoe ukingo mdogo tu kwenye shavu na kidole kinachoishika. Uso nusu.

#28 Sikio_Kubwa
Mwanga wowote, ila nipeni pumzi ya Gojo kupitia spika ya simu: kata chini ya hezi 300 na juu ya 3400, iwe nyembamba. Pumzi ya Marin iwe nzima.

#29 MamaLasi
Na mshono wa kola ya nguo ya kulalia uonekane. Tafadhali.

#30 Shoti_kwa_Shoti
Shoti moja, sekunde 11, bila mkato. Kiduku, ukimaliza leta hapa tuione kwenye ukuta, siyo kwenye simu.